Pedali Iliyonisemea

Kwako mume wangu Babu,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti yote mawili. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kikohozi kimekuacha, na Bibi bado anakufokea, maana siku atakayonyamaza ndiyo siku ya kuogopa. Mimi huku ni buheri wa afya. Sina neno ila furaha, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Uliniuliza kile kidude nilichonunua ni kitu gani, na kama kweli mtu mwenye akili zake anaweza kupiga gitaa kwa miguu. Babu, gitaa napiga kwa mikono! Miguuni ninayo pedali ya mwangwi, kisanduku cha chuma chenye swichi. Nikiikanyaga, inashika nilichopiga sasa hivi na kukirudia, na kukirudia tena, wala haichoki. Juu yake napiga kingine, halafu kingine, mpaka chumba kinajaa kama tuko watu kumi, kumbe ni mimi peke yangu na viatu nimevua. Si muziki wa kucheza. Ni sauti zinazopandiana taratibu, na mtu anakaa humo akatulia.

Basi daktari wa meno wa mtaa wa pili akasikia habari zangu, akaniomba nimpigie kila Jumamosi asubuhi kwenye chumba cha kungojea, ili wagonjwa wasiisikie mashine yake ya kutoboa meno. Unacheka? Cheka tu. Watu waliokuwa wakitoroka na maumivu yao sasa wanasinzia kwenye mabenchi, na mama mmoja alikataa kuingia zamu yake ilipofika, eti sauti bado haijaisha.

Pedali hiyo aliniuzia fundi redio, na hapo ndipo penye mambo. Fundi huyu ni mpole mpaka anaudhi. Miaka miwili, kila Jumamosi, anakuja hapo kwa daktari kuniangalizia nyaya. Nyaya zenyewe nzima kabisa! Anazichomoa, anazipangusa, anazichomeka palepale, ananiuliza kama nimekula, anaondoka. Kila mtu alijua anachotafuta, isipokuwa ulimi wake. Nami nilimpenda, nakwambia bila kupepesa macho. Lakini shangazi aliniapisha kwamba mwanamke haanzi, akianza amejishusha. Nikangoja. Halafu mwezi uliopita akaniambia amepata kazi ya mitambo kwenye kituo cha redio, mbali, safari ya siku mbili, na kwamba imebaki Jumamosi moja tu, Jumatatu yake anapanda treni. Aliyasema hayo huku anaangalia soketi.

Jumamosi yake ya mwisho alikuja kama kawaida, akapiga magoti kupangusa nyaya zake. Chumba kilikuwa kimejaa. Mimi natumia pia kipaza sauti, maana wakati mwingine naimba nimefumba mdomo na pedali inaishika sauti hiyo. Sharti ni moja: ukimaliza, unakizima kwanza ndipo uongee mambo ya dunia. Nikainama, nikamnong'oneza fundi kwamba akiniposa leo, nakubali leo hii hii.

Lo! Sekunde sita baadaye spika zote mbili zikayatoa maneno yangu kama yalivyo. Zikayarudia. Nikakanyaga kufuta, kumbe nimekanyaga swichi siyo, sauti ikazidi kupanda. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akapiga makofi. Polisi mwenye pamba mdomoni akapaza sauti kumhimiza fundi, ingawa neno hata moja halikueleweka. Mashine ndani ikanyamaza, daktari akatoka na glavu zake, nyuma yake mgonjwa mdomo wazi. Fundi kapiga magoti vilevile, jasho linamtiririka. Iliporudi mara ya nane, akajivuta hadi kwenye kipaza sauti, akatamka kwa kale kasauti kake kwamba ananiposa. Pedali ikalishika na hilo. Tukawa tunazunguka humo, yeye anaposa, mimi nakubali, anaposa, nakubali, na daktari akapiga marufuku mtu yeyote kuizima.

Jumatatu aliondoka, lakini mwezi ujao anarudi, na watu wake watakuja kwa Baba. Baba hajui kitu. Nakuomba wewe umtangulizie neno, maana kwako hawezi kupandisha sauti. Akiuliza ilianzaje, mwambie ilikuwa bahati mbaya, nilisahau kuzima.

Ndivyo nilivyowaambia wote, shangazi, daktari na fundi mwenyewe, ambaye anawasimulia watu huku anajishika mbavu. Wewe siwezi kukuficha. Babu, tangu niishike pedali hii sijawahi kusahau kipaza sauti hata mara moja. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka mbele ya pua yangu, naiona. Na ile swichi siyo, niliijua vizuri ni ipi. Treni ilikuwa Jumatatu, Babu, basi nikakanyaga.

Nisalimie Bibi na wote wanaoniulizia. Barua hii ukimaliza kuisoma ichome, ila msomee Bibi kwanza.

Ni mimi mjukuu wako,
mchumba wa watu