Babu Kwenye Kundi la Wasiolala

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, ingawa mimi si mtu wa kusaidiwa ovyo, ni fundi seremala na kila mlango mzuri mtaani hapa nimeutengeneza mimi, shule sikukaa sana lakini akili ninayo, sasa mjukuu wangu wa kike yuko sekondari, alikuwa anasinzia darasani kwa ajili ya wenzake, wana kundi lao kwenye simu, anayewahi kulala anaitwa kuku na anachekwa mpaka shuleni, mtoto akawa anajikaza macho, nikamnyang'anya simu nikakaa nayo mimi, ikalia, wanasema, "Kuku wetu kashaingia bandani," nikaona hawa hawanijui, kuandika kunanichelewesha, nikawajibu kwa ujumbe wa sauti, "Kuku ni babu zenu!" wakacheka, wakaniita Babu Popo, wakasema mzee huyu hafiki mbali, mimi! basi tangu hapo nakesha nao na wote nimewashinda, wanaanguka mmoja mmoja mimi nipo, ila juzi nilisinzia kidogo tu kwenye msumeno wa umeme, mlango wa mteja ukatoka pembe tatu, mwanangu ninayefanya naye kazi akazima umeme akasema, "Baba, leo mlango, kesho mkono," akachukua ufunguo wa karakana, sasa nakaa nyumbani kama mgonjwa, mwambie aurudishe, gazeti hili analisoma.

Fundi Asiyeshindwa

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Hongera kwa kuwashinda watoto wa sekondari kukodoa macho. Ulimnyang'anya mjukuu ugonjwa, ukauugua wewe. Yeye alisinzia juu ya daftari, wewe juu ya msumeno. Tena yeye namwelewa: kwa umri wake, kuchekwa na wenzake kunauma kweli. Wewe na mvi zako unaogopa kuitwa kuku na watoto usiowajua?

Mwanao simwambii kitu. Angekurudishia ufunguo, ningemgombeza yeye.

Mwite mjukuu, mpe simu, ajitoe kwenye kundi mwenyewe ukiwa umekaa naye. Wakimcheka shuleni, aseme babu kakataza. Lawama zibebe wewe, kifua si unacho? Kisha kila jioni simu ikae kwa mwanao, nawe ulale. Ufunguo usiuombe. Akikuona asubuhi huyumbi, atakupa. Kazi ya kwanza iwe mlango wa yule mteja, kwa mbao zako.

Na kundi usiliage. Ukiaga watakujibu, nawe nakujua.