Mkono Wako Mlangoni

Baba,

Gari lako limeanza kuongea. Nasema lako kwa mazoea tu, maana uliniachia funguo mwenyewe ukaniambia halina neno. Wiki ile tuliyotoka kukuzika Kitui, nilikuwa narudi nyumbani peke yangu kwa Ngong Road. Nilipopita maduka ya Adams barabara ikafunguka, nikakanyaga mafuta. Mlango wa kushoto, wa upande wako, ukaanza kutetemeka. Bati lilikuwa likiingia na kutoka kama kifua cha mtu anayehema. Kabla sijafikiri nikasema, "Baba, ingiza mkono." Nikapunguza mwendo. Mlango ukanyamaza.

Baba, niliogopa. Niliegesha kando nikalia, na kiti chako nikashindwa kukitazama.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya mkono huo? Kioo chini, mkono nje, kiganja kimekandamiza bati la mlango. Kwenye foleni ya Westlands nilikuambia utanyang'anywa saa. Ukaivua saa, ukaitia mfukoni, ukarudisha mkono palepale. Hata mvua inyeshe, shati lilowe mpaka kwapani, mkono nje! Mimi niliona jambo moja tu: baba yangu haniamini kwenye usukani, amejishikilia tayari kuruka. Na wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha. Siku moja nilichemka nikakuuliza, "Kwani unaniogopa?" Ukacheka. "Endesha, mama. Macho mbele." Hilo si jibu, Baba. Jibu lenyewe ulikwenda nalo, nami usiku nalala nikiligeuzageuza.

Mlango nao haukuacha. Kila nikifika mwendo ule unatetemeka, na kila ukitetemeka naisikia sauti yangu ikikufokea. Mdogo wangu Mwende alipanda mara moja tu, akaapa hatapanda tena. "Mzee anataka kushuka," akaniambia. "Ita pasta aombee hii gari." Unamjua Mwende na mapasta wake, ungecheka. Lakini nisikudanganye, kidogo tu nimpigie.

Badala yake nikalipeleka kwa Owino, fundi wa bodi kule karibu na Kenyatta Market. Akalisukuma bati kwa kidole, likabonyea na kurudi. Akafungua mlango kwa ndani. Kumbe kuna chuma kinachopita nyuma ya bati, na gundi iliyokuwa imevishikanisha ilikauka zamani ikapukutika. Bati limebaki halina wa kulizuia, upepo ukija linacheza.

"Hii si ya jana, madam," akasema. "Hii mlango imesumbua kitambo."

Nikambishia. Ningekosaje kusikia, na ninaliendesha kila siku? Akainama, akanionyesha mahali chini ya dirisha ambapo rangi imefifia, ukubwa wa kiganja. "Kuna mtu alikuwa anashika hapa? Ukifinya hapa, inanyamaza."

Nikaweka mkono wangu pale. Nikakumbuka kwamba peke yangu nilikuwa naishia kwenye foleni tu; barabara ya wazi nilipita nikiwa nawe. Baba, mbona hukusema? Uliona haya kwamba gari ulilolisifu lina kasoro? Au hukutaka nishtuke njiani? Sitajua. Ila najua hukuwa ukiniogopa. Ulikuwa ukinishikia mlango, mvuani, na mimi nikikufokea. Nililia pale pale gereji, na Owino akajifanya anatafuta spana.

Ametia gundi mpya, akabandika na mpira kwa ndani. Alitaka kupiga rangi ile alama pia, nikamkatalia kabisa. Jana nikapita Adams kwa mwendo uleule. Kimya. Kimya chenyewe kikanitisha zaidi, maana nilikuwa nimeshazoea kwamba upo. Nikateremsha kioo cha upande wako, upepo ukaingia, nikawa nakitupia jicho kile kiti hadi Karen.

Nakuahidi alama yako haitaguswa. Mwende nitamkalisha hapo, apende asipende. Na nitaendesha vile ulivyonifundisha, macho mbele.

Nenda salama, Baba. Mlango umeshika. Ingiza mkono sasa.

Binti yako,
Mutheu