Kufuli Juu ya Kitufe Chekundu

Jumatatu, 3 Februari

Nimefungua kibanda, nimetia cherehani mafuta, nimewasha pasi ya mkaa. Umeme wa Arua hauaminiki. Asubuhi ulikatika, ngazi za umeme zikasimama, watu wakapanda kwa miguu yao na hakuna aliyekufa. Uliporudi akaja bibi mmoja wa kijijini Adumi, akafika chini ya ngazi, akagoma kukanyaga kitu kinachotembea. Mama Furaha, Mkongomani anayeuza vitenge kando yangu hapa ghorofani, akashuka akabonyeza kitufe chekundu. Ngazi zikasimama. Bibi akapanda taratibu, akashukuru, akatubariki sote.

Tumefanya hivyo tangu jengo lifunguliwe. Mzee hapandishwi kama gunia.

Alhamisi, 6 Februari

Meneja wa jengo, Drani, amefoka mpaka mate yakaruka. Mama mmoja alikuwa anapanda na trei za mayai. Chini mtu akabonyeza kitufe kwa ajili ya mzee wake, ngazi zikasimama ghafla, mama akaanguka. Goti limevimba. Mayai yote chini.

Hapo meneja ana haki, nakubali. Kitufe kile ni cha ajali. Nikamfuata kwa adabu. Ngazi zinawashwa na kuzimwa kwa swichi iliyo ofisini kwake. Nikaomba askari wa mlangoni apewe ufunguo wa ofisi, mzee akija asubiri ngazi ziwe tupu, azizime kwa utaratibu. Kitufe kibaki wazi kwa siku ya balaa.

Akacheka. "Fundi, wewe shona nguo." Mshenzi.

Jumanne, 11 Februari

Amefanya yake. Vitufe vyote viwili, cha chini na cha juu, vimefunikwa na visanduku vya chuma. Kufuli. Funguo ziko mfukoni mwake. Wapangaji wengine wamepiga makofi kwamba sasa wateja hawatasumbuliwa. Mama Furaha ametema mate pembeni.

Wazee tunawashika mkono, mtu mmoja kila upande, wanafumba macho. Wengine wanaishia chini, wanarudi zao.

Jumatano, 19 Februari

Amekuja mkaguzi wa majengo. Nilifurahi kama mjinga. Amesema mbele yetu wote: kitufe cha dharura kionekane kutoka mbali, kisizibwe na kitu, mtu yeyote akifikie bila ufunguo, na kijaribiwe mara kwa mara. Meneja akaitika ndiyo mzee, ndiyo mzee. Wakaenda kula nyama ya mbuzi.

Jioni kaja mtu wa kupaka rangi. Kisanduku kimepakwa nyekundu. Juu yake ameandika DHARURA kwa herufi kubwa nyeupe. Kufuli bado lipo. Eti sasa kinaonekana kutoka mbali. Nimecheka peke yangu, kicheko cha uchungu.

Ijumaa, 21 Februari

Shangazi Poni amepiga simu kutoka Koboko. Gauni lake la harusi ya mwanawe, la kitenge cha kijani, limekwisha, limebaki kujaribiwa. Alitaka nimpelekee. Nikasema hapana, njoo Arua, uone kibanda changu. Huyu ndiye aliyenilea. Alinifundisha kushika sindano. Nilitaka aone.

Jumamosi, 22 Februari

Shangazi alikuja.

Nilimpokea mlangoni, akapanda nami vizuri, akicheka kwa woga. Akalijaribu gauni. Refu mpaka chini, lilimkaa. Akakataa kulivua, alitaka dada yake anayemsubiri mlangoni amwone. Tukashuka. Dada akapiga vigelegele. Wakati wa kurudi juu kulivua, kwenye ngazi ya mwisho, pindo likaingia kwenye meno pale ngazi zinapozama sakafuni. Likavutwa. Shangazi akaanguka, na mguu ukafuata nguo.

Nilipiga kelele. Kitufe kilikuwa hapo hapo, hata hatua hakuna. Nikapiga kile kisanduku kwa ngumi. Askari akakimbilia ofisini, imefungwa. Meneja yuko Manibe, shambani kwake. Simu inaita tu.

Mama Furaha akatoka na pasi yangu, ikiwa na moto wake, akawa anagonga kufuli, makaa yanaruka. "Mutu iko nakufa! Kata nguo, fundi! Kata!" Nikakimbilia mkasi. Nikalikata gauni nililolishona mwenyewe, kuanzia gotini. Ndipo tukamvuta.

Vidole viwili vya mguu wa kushoto haviko.

Na umeme wa Arua, unaokatika kila siku hata bila mvua, leo haukukatika.

Jumatatu, 24 Februari

Nimetoka hospitalini moja kwa moja. Visanduku havipo. Vimeondolewa jana, Jumapili, hata alama za skrubu zimezibwa. Mahali pake kuna tangazo: NGUO NDEFU HAZIRUHUSIWI KWENYE NGAZI.

Meneja amewaambia watu kosa ni la fundi aliyeshona gauni refu kupita kiasi. Mbele yangu. Nimemtukana kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi alichonifundisha baba, tusi juu ya tusi. Mama Furaha akanishika kiuno nisimrukie. Wapangaji waliopiga makofi siku ile walikuwa wanatazama simu zao.

Nimechoka. Namchukia. Na usiku nasikia sauti yangu mwenyewe kwenye simu: njoo Arua, uone kibanda changu.

Jumamosi, 8 Machi

Koboko. Harusi. Nimemshonea Shangazi gauni jipya, fupi. Amelitazama, akalirudisha. Akataka lile lile. Basi nikalikata upya, nikaunganisha kitambaa kingine kuanzia gotini. Mshono unaonekana. Amelivaa.

Amekaa kwenye kiti wakati wenzake wanacheza. Wanawake wanakuja kucheza mbele yake, mmoja mmoja, naye anapiga makofi. Hajaniuliza neno kuhusu siku ile. Afadhali angeuliza.

Jumanne, 18 Machi

Kazini. Mvua ya kwanza.

Askari sasa ana ufunguo wa ofisi. Leo kaja mzee mmoja na fimbo. Askari akasubiri ngazi zikawa tupu, akaenda akazizima. Mzee akapanda taratibu, watu wote wakangoja. Kitufe kiko wazi, hakuna anayekigusa.

Ndicho nilichomwomba meneja siku ya mayai.

Kwenye meno pale juu bado kuna uzi wa kitenge, wa kijani. Nimeinama nikautoa kwa ncha ya mkasi.

Shangazi amesema hatakanyaga Arua tena. Vipimo vyake ninavyo kichwani. Nitakuwa nampelekea.