Kitanda Katikati ya Mahindi

Soweto, Mbeya
3 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila baridi imeanza. Miguu inaendeleaje?

Uliniuliza kwa nini nakusanya filamu zisizoeleweka. Filamu ya kawaida ukishajua mwisho, umeimaliza. Hizi haziishi. Ninayo moja ya mtu anayempiga pasi samaki. Nimeitazama tena na tena, bado sijui anataka nini. Na pengine hakuna nakala nyingine duniani. Naomba ule mkanda wa filamu aliouacha marehemu baba.

Mwanao,
Jailos

Iringa
17 Juni 2024

Mwanangu Jailos,

Marahaba. Miguu ni ileile, namshukuru Mungu. Mkanda nimempa dereva wa basi. Sijautazama tangu baba yako alipoupiga.

Mama yako

Soweto, Mbeya
1 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mkanda tumeutazama na wenzangu wakusanyaji. Kitanda kidogo kimewekwa shambani, katikati ya mahindi. Mwanamke anatandika, anafunika blanketi pasipo na mtu, anatandua, anaanza upya. Basi. Tulicheka sana. Blandina, mwenzetu wa Dar, akasema, "Jailos, hii ni dhahabu. Haina maana yoyote!" Anataka kuionyesha kwao Agosti.

Yule mwanamke ni nani? Hageuki.

Mwanao,
Jailos

Iringa
29 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu.

Mwanamke ni mimi. Kitanda kilikuwa cha Goodness, dada yako. Surua ilimchukua kabla hujazaliwa, na hatukuwahi kukwambia. Baada ya mazishi nilikipeleka shambani, nikawa nakitandika kila asubuhi. Baba yako hakuweza kunizuia, wala kulia hakuweza. Akachukua kamera.

Waonyeshe. Yeye alitaka watu waone. Ila usiwaeleze.

Mama yako

Soweto, Mbeya
26 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka Dar. Filamu imeonyeshwa, sikueleza kitu. Mmoja ukumbini alicheka na wengine wakafuata. Hawakuwa na ubaya. Blandina akaninong'oneza, "Unaona wanavyoipenda?"

"Naona," nikamwambia. Nikatoka nje kabla haijaisha.

Jumamosi nakuja Iringa. Naomba unipeleke kwenye kaburi la dada.

Mwanao,
Jailos