Swali la Saba na Mkono wa Okemwa

Alhamisi, 6 Juni 2024
Kliniki ya mazoezi, hapa Migori. Okemwa amekunja vidole! Kiwiko bado. Miezi mitano, mkono wa kulia unaning'inia tu tangu nimzae.

Kuna dada ametoka Homa Bay na fomu, anaitwa Marion. Wagonjwa waseme walihudumiwaje. Ilikuwa ya Kizungu, kwingine wameshaitafsiri kwa Kiarabu, sasa ni zamu ya Kiswahili. Anasoma swali, mimi namwambia nimeelewa nini. Mimi, wa darasa la nane! La saba lilisema, "Wahudumu walizingatia maoni yangu." Nikamwambia hilo ni la wakubwa wa kaunti. Akacheka, akauliza ningesemaje mimi. Nikasema: "Niliposema kitu, walinisikiliza." Akafuta lake, akaandika langu.

Jibu langu: hawakunisikiliza hata mara moja. Nikamweleza. Niliita kwamba mtoto anakuja, Sista Eucabeth, huyu huyu ambaye sasa yuko hapa kliniki, akajibu kutoka mezani kwamba mtoto wa kwanza hana haraka hiyo. Alipokuja, alimvuta mtoto kwa nguvu, mkono ukabaki hivi.

Karatasi ina namba, haina jina, Marion amesema. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Jumamosi, 8 Juni
Baada ya kanisa la Sabato nikamwambia jirani yangu Bathsheba. Mtoto wake pia ni wa mazoezi. Kwenye fomu ya Marion yeye aliweka "kila mara" kote, mpaka mwisho. Akanishangaa.
"Orodha ya mazoezi ya Alhamisi anaiandika nani, Nyakerario? Si huyo huyo Eucabeth?"

Alhamisi, 13 Juni
Okemwa hayuko kwenye orodha.
Nikauliza kwa adabu. Sista hakuinua macho. Orodha imejaa, tena siku hizi kuna akina mama wanajua sana kuongea. Namba ya nini basi! Niliongea saa nzima, mlango wazi.
Nimemkanda mwenyewe na mafuta. Amelia. Sijui kama namponya au namuumiza.

Jumatano, 19 Juni
Marion amepiga simu. Kesho nijibu tena, waone kama jibu langu limesimama palepale. Kwa la saba, wengine wote wamesema "kila mara". Nami nikisema hivyo, wakubwa wake watalitoa, kwamba halipimi kitu. Hakunilazimisha. Sauti yake ilikuwa ya kuomba.
Lile swali ni langu. Mwingine atalala kwenye kile kitanda cha kujifungulia.

Alhamisi, 20 Juni
Okemwa yuko kwenye orodha. Wa kwanza kabisa.
Niko kwenye benchi. Leo najaza mwenyewe, fomu iko juu ya daftari hili. Sita nimemaliza. Marion yuko dirishani, amenipa mgongo ili nisione haya.
Ndani, Sista amempakata Okemwa, anamwimbia. Ameuinua ule mkono polepole hadi sikioni. Mimi sijawahi kuufikisha hapo. Na mtoto anacheka.
"Mama Okemwa, bado tu unaandika?"
Nimemwambia Sista limebaki moja.
Hajaushusha mkono. Ananiangalia, anangoja nimalize.