Paskalina Akataa Kumwachia Kipa

Babati, Jumapili

Shikamoo mama,

Ulihofia Paskalina atapotea mjini. Jana watoto waliingia uwanjani wameshikana mikono na wachezaji, yeye akapewa kipa. Walipoambiwa watoke, wenzake wakakimbia, yeye akang'ang'ania. Refa anasubiri, watu wanacheka, mimi natamani kujificha. Mwisho kipa akamleta mwenyewe hadi kwenye viti vyetu.

"Dada, mwambie aniachie, mechi ianze."

Paskalina akaniambia, "Bibi alisema nisiachie mkono wa mtu mkubwa mpaka nikuone wewe."

Basi lala bila wasiwasi. Kipa wetu alifungwa matatu, na watu wanasema ni heri golini angekaa mjukuu wako, maana haachii kitu.

Mungu akutunze, wewe na ng'ombe wako.

Mwanao,
Theresia