Kocha Wangu Si Wewe, Muthama

Milwaukee, Marekani
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa ndugu yangu Muthama,

Salamu kwako na kwa wote wa boma lako. Nauliza hali yenu kwa sababu mama yetu, Mwaitu, alitulea tukijua kwamba hata ukiwa na hasira na mtu, utamwamkia kwanza. Mvua imefika Mutomo? Mbaazi zimetoa maua? Wale mbuzi waliokuwa wakikohoa walipona? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza kuuma masikio, lakini kazi yangu ya kufua mashuka ya hospitali inaendelea, na mwili una nguvu.

Basi, salamu zimeisha.

Barua yako nilipewa na mwenye nyumba nikitoka kazini, nikaisoma pale pale mlangoni na koti likiwa bado mwilini. Unasema ile picha niliyomtumia Mwaitu uliichukua mezani kwake ukaipeleka kwa wazee wa kanisa. Ukawaonyesha dada yako akiwa na suruali, na shati lenye jina lake kifuani, ameshika mpira mkubwa mweusi, na ukutani nyuma yake kuna tangazo la bia. Ukawaambia kwamba Mwende siku hizi ni mtu wa baa. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja bei ya sukari, ukaandika kwamba umemtoa Syombua kwa Mwaitu na atakaa kwako mpaka mama yake aache upuuzi.

Syombua ni mtoto wangu, Muthama. Mume wangu Kioko alipokufa sikukuona ukija kuniuliza huyu msichana atalishwa na nani. Nilipopata kazi huku nilimwacha kwa Mwaitu, kwa sababu Mwaitu ndiye aliyesema, "Nenda, nitakaa naye." Wewe siku hiyo ulikuwa Kitui kwa biashara zako.

Hukuniuliza mchezo wenyewe ni nini. Nitakueleza hata hivyo, na utasoma mpaka mwisho, kwa maana nakujua, huwezi kuacha barua katikati.

Unaitwa bowling. Ni ukumbi mrefu wenye njia za mbao zinazong'aa kwa mafuta. Unashika mpira mzito wenye matundu matatu ya vidole, unapiga hatua chache, unauviringisha, na huko mwisho kuna pini kumi zimesimama. Kazi yako ni kuziangusha. Ukikosea, mpira unaanguka kwenye mtaro wa pembeni na watu wanatazama kando kwa adabu. Ndiyo, bia inauzwa humo, kama inavyouzwa Mtito Andei kwenye kila hoteli unayokula nyama ukienda Mombasa. Mimi nakunywa soda.

Wanawake wa dobi yetu walikuwa na timu. Siku moja mmoja wao aliugua, wakanichukua nijaze nafasi. Mpira wangu wa kwanza uliingia mtaroni, na wa pili pia. Baadaye nikatupa mmoja ambao ulikwenda kama umetumwa, na pini zote zikalala chini kwa kishindo kimoja. Muthama, tangu tulipomzika Kioko sikuwa nimesikia furaha ya namna ile mwilini mwangu. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwishowe nikasema nataka kuingia mashindano ya wanawake wa mji huu, si kucheza tu.

Wenzangu walinitazama. Mmoja akaniambia, "Mwende, hao wameanza wakiwa watoto. Utahitaji kocha."

Nikaenda kutafuta kocha. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye masharubu aliyefundisha watoto wa shule. Akaniuliza umri wangu, nikamwambia. Akasema, "Mama, kwa umri huo cheza ujifurahishe." Wa pili alikuwa mwanamke mwenye vikombe vingi vya ushindi kwenye kabati la kioo. Huyo hata hakutaka kuniona nikitupa. Alicheka akasema, "Nyinyi watu wa Kenya si mnakimbia? Nenda ukakimbie." Nilimwambia kwamba katika ukoo wetu anayekimbia ni mbuzi peke yake. Nikamwacha akiwa bado anacheka. Nilipofika kituo cha basi nililia, na sioni haya kukuambia.

Wa tatu alikuwa mzee Walter. Yeye alikuwa na chumba nyuma ya ukumbi ambapo alitoboa matundu ya mipira ya watu. Zamani alifundisha, kisha akagombana na kila mtu akaacha. Nilipomwomba alisema "Hapana" bila kuinua kichwa. Jumamosi iliyofuata nikarudi, akasema "Hapana" tena. Nikawa naenda kila Jumamosi, nasimama mlangoni, anasema hapana, narudi nyumbani. Mpaka siku moja akasema, "Lete mkono."

Nikampa. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na ngozi imechubuka.

"Nani alikupa mpira huo?"

"Ni wa ukumbi. Kila mtu anautumia."

"Ndiyo maana. Huo mpira ni wa mtu mwingine."

Akanitobolea mpira kwa kipimo cha vidole vyangu, kisha akaufungia kabatini. Kwa wiki nyingi hakunipa. Alinifanya nitembee hatua zile bila kitu mkononi, kwenda na kurudi, watu wakitazama, kama mwehu. Siku moja nikamtukana kwa Kikamba.

"Umesema nini?"

"Nimesema wewe ni mzee mbaya."

"Ni kweli," akasema. "Rudia hatua."

Usidhani nataka kukupambia huyu mtu. Hana neno tamu hata moja. Mara moja alinifokea mbele ya ukumbi mzima, "Sikiliza, wewe mwanamke, una mguu au una gogo?" Nikauweka mpira chini. Nikamwambia, "Baba yangu amekufa. Mume wangu amekufa. Mwanamume aliyebaki wa kunifokea ni mmoja tu, ni kaka yangu, naye yuko ng'ambo ya bahari. Nafasi hiyo haiko wazi." Hakuomba radhi, lakini tangu siku hiyo ananisahihisha kwa sauti ya chini.

Barua yako iliingia wiki ya mashindano. Nilikwenda kwa Walter nikamwambia naacha, kwa sababu mtoto wangu amechukuliwa. Akanikalisha kwenye kiti chake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniuliza nani amemchukua.

"Kaka yangu."

"Anacheza huu mchezo?"

"Hapana."

"Amewahi kukuona ukicheza?"

"Ameona picha."

Akakuna kidevu. "Sasa kama si kocha, mbona anakurekebisha?"

Nikacheka, Muthama. Nilikuwa nimekaa pale machozi yakinitoka, nikacheka. Halafu akaniambia nipige simu nyumbani kwanza, mambo ya mchezo yatangoja. Nikapiga kwenye hospitali ya misheni huko Mutomo, nikamwomba nesi wa zamu amtumie Mwaitu ujumbe. Kesho yake Mwaitu alikuwa pale akingoja simu yangu. Nilimweleza. Yeye alikuwa amedhani mimi ndiye niliyekutuma umchukue mtoto, maana ndivyo ulivyomwambia. Ulimdanganya mama yetu, wewe unayesimama mbele za watu kila Jumapili na Biblia mkononi.

Kilichofuata unakijua, ulikuwepo. Lakini nataka ujue kwamba nami nakijua. Mwaitu, na yale magoti yake, alitembea mpaka kwako. Alikukuta na wageni wa kanisa mnakunywa chai. Alikataa kiti. Akasema, "Huyu mtoto niliachiwa mimi. Wewe uliachiwa nini?" Ukamjibu kwamba unamlinda Syombua asiharibiwe na jina la mama yake. Naye akakuambia, "Jina la mama yake nilimpa mimi." Akamshika mtoto mkono wakaenda zao. Wageni wako walitazama vikombe vyao. Haya yote niliambiwa kwa simu na mtu aliyekuwa jikoni kwako, na wala usisumbuke kumtafuta, maana simtaji.

Basi nikaenda kwenye mashindano nikijua mtoto yuko kwao. Yule mwanamke wa vikombe alikuwa njia ya pili kutoka yangu. Nilitupa kwa nguvu kupita kiasi, kwa hasira niliyokuwa nayo juu yako, na mipira yangu ya mwanzo ilipotea. Walter akaja akasimama nyuma yangu. "Hasira iweke miguuni," akasema. "Mkononi haina kazi." Nikajaribu. Nikapiga hatua zile nilizotembea kama mwehu, nikaachia mpira, pini zikalala. Zikalala tena. Mpaka watu wa njia nyingine wakaanza kusogea kutazama.

Sikushinda. Nakuambia mwenyewe ili usipate raha ya kulisikia kwa mtu mwingine. Walichukua watatu wa kwenda mashindano ya jimbo, na mimi nilikuwa wa nne. Pini moja ya pembeni ilisimama mwishoni, ikayumba, ikakataa kuanguka. Yule mwanamke wa vikombe aliingia katika wale watatu. Alipita karibu nami bila kucheka, akaniuliza nani ananifundisha. Nikamwonyesha. Walter alikuwa anafuta mpira wangu kwa kitambaa. Hakuniambia nimefanya vizuri. Alisema, "Jumamosi, saa tatu. Usichelewe."

Na sitachelewa. Nitacheza Jumamosi hii na zitakazofuata, na mwakani nitaingia tena. Wewe nakuambia mambo haya: picha irudi mezani kwa Mwaitu kabla Krismasi haijafika. Mbele ya wazee wale wale useme kwamba uliwaeleza usiyoyajua. Na kwa Syombua usiende tena na amri yoyote, hata ya kumchagulia viatu. Likizo yangu ikitoka nitakuja Mutomo, na nikikuta hujafanya, nitasimama kanisani nieleze mwenyewe, nikiwa nimevaa shati lile lile.

Mwambie wifi yangu Ndinda, mke wako, kwamba nimesikia alimfunika mtoto wangu kwa blanketi lake mwenyewe siku alizokaa kwenu, na sitalisahau. Msalimie shangazi yetu aliye Makueni, mwambie dawa ya miguu aliyonifundisha inasaidia hata huku. Msalimie mzee wa kanisa aliyekataa kuishika ile picha. Najua ni yupi. Mwaitu na Syombua nimewaandikia barua yao, usiifungue.

Salamu zako wewe za kuagana nimezibakisha hapa. Ukizitaka, ziombe.

Ni mimi dada yako,
Mwende